Mrija Wenye Uzi Mwekundu

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Leo nimesema uongo mdogo. Nauandika hapa nisije nikausahau na kujichanganya.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Namnyoa Masele, fundi wa mashine ya kusaga. Kichwa kiko nusu. Mara Mwalimu Donatille akaingia saluni kuchaji simu. Anafundisha sayansi na hisabati darasa la saba hapa Litapunga. Nampenda tangu Pasaka. Hajui. Au anajua na amenyamaza, walimu wana tabia hiyo.

Akalalamika kwamba mtihani wa darasa la saba ni mwezi ujao, vifaa hakuna, watoto wanakariri tu kama kasuku. Anatafuta mtu anayeielewa sayansi, amsaidie wiki nzima kuwaonyesha mambo kwa vitendo. Masele akafungua mdomo. Nikapeleka mashine ya kunyolea karibu na sikio lake, hakusikika. Nikasema mimi nipo. Nikaongeza kwamba kidato cha nne fizikia nilipata A.

Cheti changu kiko chini ya godoro. Fizikia F. Hisabati F. Kiswahili C, na hiyo C ndiyo inayoandika shajara hii.

Mwalimu alifurahi mpaka akasahau chaja. Akasema Jumapili ya wiki ijayo baba yake, Mzee Libérat, anafungua chungu cha pombe ya mtama baada ya misa, nami nimekaribishwa. Akamkaribisha na Masele. Kwa adabu tu, nadhani.

Chungu cha Mzee Libérat kila mtu hapa anakijua. Familia yao ilitoka Burundi zamani, wote sasa ni raia, lakini chungu hakijabadilika hata kidogo. Wanaume wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake wa tete, wote wanavuta humo humo. Mzee ana sharti moja: asiyekunywa kwenye chungu chake hakuja kwake, amepita tu. Kuna kijana alikuja kumposa dada yake Donatille, Vestina. Akasema tumbo linamsumbua, mrija hakuugusa. Alisindikizwa mpaka barabarani kwa heshima zote. Sasa yuko Ugalla anafuga nyuki. Peke yake.

Kwa hiyo mpango uko wazi. Wiki moja ya sayansi, Jumapili nakunywa mbele ya Mzee, Jumatatu namtuma Shangazi Gaudensia kuwa mshenga wangu. Kikwazo ni Masele. Kwa nini alikubali mwaliko haraka vile? Nusu ya pili ya kichwa chake nimeinyoa vibaya kidogo.


Jumatatu, 11 Agosti

Somo la leo: kupima urefu wa mlingoti wa bendera bila kuupanda. Mwalimu alinieleza jana baada ya misa. Unasimamisha fimbo ya mita moja, unapima kivuli chake. Unapima na kivuli cha mlingoti. Kivuli cha mlingoti kikizidi cha fimbo mara nane, basi na mlingoti wenyewe umeizidi fimbo mara nane. Nikatikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo la zamani.

Nilitaka kuonekana mchapakazi. Saa mbili asubuhi niko shuleni peke yangu, nikapima kivuli cha fimbo. Mita nne kamili! Fimbo ndogo, kivuli kirefu, nikaona hii ndiyo dalili ya fimbo nzuri. Nikaandika kwenye kiganja, nikaenda kunywa chai na maandazi. Nikanyoa wateja watatu.

Saa saba nikarudi. Darasa zima limepangwa uwanjani. Nikapima kivuli cha mlingoti. Mita tatu. Nikapiga hesabu mbele yao, kwa sauti kubwa, kwa kujiamini. Nikatangaza kwamba mlingoti wa shule una urefu wa sentimita sabini na tano.

Watoto wakaangalia bendera juu kule. Kisha wakaangalia kiuno changu.

Msichana mmoja wa mbele, Emelyne, akanyoosha mkono. Akauliza kama inawezekana jua lilihama nilipokwenda kunywa chai. Sijui alijuaje kuhusu chai. Pengine makombo.

Mwalimu Donatille hakucheka. Akawaambia kwamba vivuli vyote viwili lazima vipimwe wakati mmoja, maana asubuhi jua likiwa chini vivuli vinarefuka, na mchana likipanda vinafupika. Akasimamisha fimbo yangu palepale. Kivuli sentimita thelathini na saba na nusu. Watoto wakagawanya, wakapata nane. Mita nane.

Nikamweleza baadaye kwamba nilikosea makusudi, kuwapima akili. Akasema ahsante kwa kuwapima.

Inaelekea ameamini.


Jumanne, 12 Agosti

Nyenzo. Kuna jiwe kubwa kati ya darasa na choo, watoto wanajikwaa kila siku. Leo nilitakiwa kulisogeza kwa gogo refu na kipande cha mti cha kuwekea chini yake, wanachokiita egemeo.

Nililala nikiwaza egemeo likae wapi. Nikafikia uamuzi kwamba msaada unatakiwa kuwa karibu na anayefanya kazi. Kwa hiyo nikaliweka karibu na mikono yangu, na jiwe likabaki mbali kule mwisho wa gogo. Nikakandamiza. Jiwe halikushtuka. Nikakandamiza kwa kifua. Nikalikalia gogo. Nikaruka juu yake. Suruali ikachanika nyuma, mahali pabaya, mbele ya wanafunzi sitini na wawili.

Masele alikuwa anapita na mkanda wa mashine begani, anatafuna muwa. Sijui kwa nini anapita shuleni, mashine yake iko upande wa pili wa kijiji. Akasimama. Akalisukuma egemeo kwa mguu mpaka likagusana na jiwe, akashika ncha ya gogo kwa mkono mmoja, mwingine una muwa. Jiwe likainuka kama mgonjwa anayeinuliwa kunywa uji.

Watoto wakapiga makofi. Mwalimu akaandika kwenye ubao mdogo kwamba egemeo likiwa karibu na mzigo na mkono ukiwa mbali, nguvu ndogo inainua kitu kizito, ila mkono unasafiri njia ndefu kuliko mzigo. Akamuuliza Masele alisoma wapi hayo. Masele akasema hajasoma popote, ndivyo wanavyoinua jiwe la mashine.

Akamuuliza kwa tabasamu. Nililiona lile tabasamu. Mimi nilikuwa nimesimama nimeegemea ukuta kwa sababu ya suruali, na sikuweza kwenda kulizuia.


Jumatano, 13 Agosti

Leo nimeamua kumpata baba kabla ya binti.

Nilimkuta Mzee Libérat uani anatazama ndoo ya asali ya lita ishirini. Ilitakiwa kufika kwenye mizani ya chama cha wafugaji nyuki, kilomita mbili, na baiskeli ina pancha. Mzee akasema ni nzito, tusubiri baiskeli. Nikaona mwanya. Nikamwambia Mzee, hesabu ni hesabu, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo lita ishirini ni kilo ishirini, mzigo wa mtoto. Nikaikweza kichwani.

Mita mia za kwanza nilipiga mluzi. Baada ya hapo sikupiga tena.

Shingo iliingia mabegani. Kwenye mfereji magoti yakaanza kuzungumza. Nilipumzika mahali kumi na moja. Kila nilipoitua nilifikiria kuiacha nihamie Mpanda mjini nianze maisha mapya. Lakini Mzee alikuwa nyuma yangu anatembea na fimbo, anasimulia habari za baba yake, na sikumwaga hata tone. Niliogopa mno kutikisika.

Mizani ikasoma ishirini na tisa. Ndoo yenyewe ni kilo moja. Nikamwambia karani mizani yake imeharibika. Akapanda yeye mwenyewe, akashuka, akasema haijaharibika.

Mwalimu Donatille alinieleza jioni huku akinifunga kitambaa cha maji ya moto shingoni. Lita inapima nafasi ambayo kitu kinajaza. Kilo inapima uzito wake. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini vitu havijasongamana sawa. Asali imesongamana kuliko maji, lita yake ni karibu kilo moja nukta nne. Ishirini mara moja nukta nne ni ishirini na nane. Ndiyo maana ukiimimina kwenye maji inazama chini.

Vidole vyake vilikuwa shingoni kwangu. Niko tayari kubeba asali kila siku.

Zaidi ya hayo, Mzee alinishika bega pale kwenye mizani. Akasema, "Mwana wanje, nyie vijana wa leo mnamwaga. Wewe hukumwaga." Mwana wanje ni mwanangu kwa Kirundi. Nimelirudia neno hilo njia nzima.


Alhamisi, 14 Agosti

Siku kubwa. Nimeelewa somo!

Mwalimu alileta glasi ya juisi ya ukwaju na mrija wa dukani. Akawauliza watoto juisi inapandaje. Wote wakasema mdomo unaivuta. Nami nilisema hivyo hivyo, lakini kwa chini chini.

Akasema hapana. Hewa ina uzito, na inakandamiza kila kitu, hata uso wa juisi kwenye glasi. Unapovuta, unapunguza hewa iliyomo ndani ya mrija tu. Hewa ya nje inabaki na nguvu yake ile ile, basi inaisukuma juisi ipande hadi mdomoni. Wewe hunyanyui chochote, unafungua njia na hewa ya nje inafanya kazi.

Kisha akachukua sindano, akatoboa mrija upande wa juu, juu ya usawa wa juisi. Akampa Emelyne avute. Emelyne akavuta mashavu yakabonyea. Hakupata kitu. Hewa inapita tunduni na kujaza mrija, kwa hiyo nje na ndani nguvu ni sawa, juisi inabaki palepale.

Nilikuwa nimeshika ndoo ya vifaa. Nikasimama kama nimemwagiwa maji. Miaka minne ya sekondari, madaftari, viboko, na leo kwa mara ya kwanza kitu cha fizikia kimeingia kichwani na kukaa. Nikaona chungu cha Jumapili. Nikaona mirija. Nikamwona Masele anavuta, anavuta, mdomo mkavu, na Mzee Libérat anamwangalia.

Mwalimu aliniuliza kwa nini natabasamu. Nikasema ni raha ya elimu.


Ijumaa, 15 Agosti

Nimefunga saluni mapema. Nimekwenda kwa Mama Annonciata, mama yake Donatille, kumwomba kazi yoyote ya maandalizi. Alishangaa, maana wanaume huja siku ya kunywa. Akanipa mirija minane ya tete niioshe, niichokonoe ndani, niianike kwenye kikapu.

Nimeiosha vizuri sana, hilo nalisema kwa haki. Kisha nikachagua mmoja ulionyooka. Nikatoboa kwa sindano ya kushonea magunia, inchi nne chini ya mahali pa mdomo. Tundu safi. Nikajaribu kwenye kikombe cha maji. Hewa tupu! Donatille ni mwalimu hodari kweli.

Tatizo moja likabaki. Nitaujuaje siku yenyewe? Nikachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la aproni yangu ya saluni, nikaufunga kwenye mrija kwa fundo zuri. Jumapili nitajitolea kugawa mirija. Wenye uzi kwa Masele. Hakuna anayeweza kukosea.


Jumamosi, 16 Agosti

Masele amekuja nimrekebishe nywele. Nikamchokonoa kijanja, kesho unaenda kwa Mzee? Akasema anaenda, amenunua hata shati. Kuna kitu anataka kumwomba Mzee, amekiwazia muda mrefu, anaomba Mungu asikataliwe.

Mashine iliniteleza. Nimemwachia alama nyuma ya sikio.

Usiku huu dhamiri ilijaribu kunisemesha kidogo. Nikaiambia ni tundu dogo tu. Nikageukia ukuta.


Jumapili, 17 Agosti

Naandika mikono ikiwa bado inanata pombe.

Baada ya misa tulikaa uani, wanaume wanane, chungu katikati kinafuka mvuke. Nikasimama haraka kuchukua kikapu. Mzee Libérat akanyoosha mkono akakichukua yeye. Kumbe mirija anagawa mwenye chungu mwenyewe, haijawahi kuwa vinginevyo. Wiki nzima ya kupanga na hilo sikuuliza.

Akagawa mmoja, wa pili, wa tatu. Akaufikia wenye uzi. Akauinua kwenye mwanga. Akauliza nani ameupamba. Mama Annonciata akajibu kwa furaha kwamba ni Hilari, ameiosha yote kwa mikono yake. Mzee akatikisa kichwa polepole. Akasema mrija uliopambwa ni wa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima leo ni kijana aliyebeba kilo ishirini na nane bila kumwaga tone.

"Mwana wanje," akasema, "huu wako."

Nikasema apewe Masele, amenizidi umri. Mzee akasema Masele naye atapata wake. Nikasema sistahili. Wazee wote wakasema nastahili. Wanasifu unyenyekevu wangu huku wananiua.

Nikauchovya. Nikavuta. Fyuuu.

Ningesema nini? Mrija una tundu? Wangeuliza tundu limetoka wapi, na aliyeiosha ni mimi. Kwa hiyo nikaigiza. Nikabonyeza mashavu. Nikameza mate kwa sauti, nikafumba macho, nikasema mtama wa mwaka huu una utamu wa pekee. Fyuuu. Mzee aliyekaa kulia kwangu akainua miguu, akauliza kama kuna nyoka. Masele alikuwa mbele yangu anavuta kwa amani, povu limemkaa mdomoni.

Nusu saa ikapita. Mzee Libérat akatoa mrija wake mdomoni. Akiacha yeye, wote wanaacha. Akaniuliza taratibu kama pombe ya nyumba yake ina kasoro. Nikasema haina. Akauliza basi kwa nini masharubu yangu makavu.

Nilimkumbuka yule jamaa wa Vestina huko Ugalla. Niliiona barabara. Na hapo, sioni haya kuandika, machozi yalinilenga, maana nampenda yule mwalimu kweli kweli, na nilikuwa nampoteza kwa mkono wangu mwenyewe na kwa sindano ya magunia.

Donatille akatoka jikoni na birika la maji ya moto kuongeza chunguni. Mzee akaniambia, vuta tena nione. Nikavuta. Fyuuu. Donatille akasimama palepale. Akaweka birika chini. Akachuchumaa karibu yangu, akapitisha kidole kwenye tete, kidole kikafika tunduni, kikaliziba.

Akasema, "Vuta sasa."

Nilikuwa nimevuta hewa kwa nusu saa, kifua kina nguvu ya kukata tamaa. Pombe ikapanda yote kwa mpigo mmoja. Nikapaliwa. Ikatoka mdomoni na puani, ikamkuta Mzee Libérat kwenye kofia ya misa.

Donatille akawaeleza wazee, akiwa bado amelishika tundu, kwamba mrija umetoboka, hewa inaingilia ubavuni, hata simba asingepata kitu. Hilari hakukataa chungu. Akamega nta kwenye sega lililokuwa mezani, akaifinyanga, akaziba. Mzee akafuta kofia, akacheka mpaka wengine wakapata ruhusa ya kucheka. Nikanywa. Masharubu yakalowa. Nimefaulu!

Kisha nikaona Donatille anaangalia ule uzi. Akaugeuza kwa kucha. Simu yake anachajia saluni kwangu kila siku ya Mungu, aproni yangu anaijua. Akaniangalia usoni. Akaokota birika akaenda.

Masele ndiye aliyesimama. Akakohoa, akanyoosha shati jipya. Akamwomba Mzee Libérat kona ya shamba iliyo kando ya barabara, pale karibu na shule, ahamishie mashine ya kusaga. Jumanne alipita kupaangalia. Mke wake Specioza na watoto wanne wanahamia mwisho wa mwezi kutoka Kasansa. Mzee akakubali. Wote wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Mke. Watoto wanne. Nimemnyoa miezi minane na sikuwahi kumuuliza.


Jumatatu, 18 Agosti

Mwalimu Donatille amekuja saluni bila simu. Hiyo peke yake ilitosha kunitisha.

Aliuliza maswali matatu. Nani alitoboa. Alimtobolea nani. Kwa nini. Nilijibu yote matatu. La mwisho nililijibu nikiangalia sakafu, kwenye nywele za watu, na ndivyo alivyojua kwamba nampenda. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuliko hayo.

Akasema habari ya A aliijua ni uongo tangu Jumatatu kwenye mlingoti. Akasema F haimsumbui, watoto wake wengi wanaanzia huko kila Januari. Kilichomuuma ni kwamba wiki nzima nimeelewa somo moja tu, na hilo moja nimelitumia kutaka kumwaibisha mtu mbele ya baba yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko kama angepiga kelele. Nikasema samahani. Nilikuwa namaanisha. Nadhani ni jambo la kwanza la kweli nililomwambia tangu amekuja na ile chaja.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akafikiri. Kisha akatoa masharti. Nimweleze Masele mwenyewe. Halafu kila siku saa nane nikakae dawati la nyuma na darasa la saba, nisome. Nikifaulu jaribio moja la sayansi na hisabati kwa akili yangu mwenyewe, bila kuangalia kwa mtu, ndipo nimtume Shangazi Gaudensia. Kabla ya hapo asimwone shangazi yeyote getini.

Hakukataa! Nimeisoma mara tatu sentensi hiyo kichwani. Hakukataa.

Masele nilimweleza jioni. Alicheka mpaka akashika mashine yake ya kusaga asianguke. Akasema amekuwa akijiuliza kwa nini siku hizi ananyolewa hivyo. Kisha akaomba nimsawazishe upande wa kushoto, bure.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa, NIMEJIFUNZA. Hakuna hila tena katika maisha yangu.


Jumatano, 20 Agosti

Dawati la darasa la saba halijatengenezwa kwa magoti ya mtu mzima. Nimekaa na Emelyne. Jana aliniita Bwana Hilari, leo ananiita wewe.

Ubaoni Mwalimu ameandika marudio ya mtihani. Kichwa cha habari: Makosa ya Bwana Hilari. Moja, vivuli vilivyopimwa saa tofauti. Mbili, egemeo mbali na mzigo. Tatu, kudhani lita ya kila kitu ni kilo. Nne, mrija uliotobolewa. Watoto wanayajua yote manne kwa moyo, anasema hawajawahi kuelewa hivi. Kwa hiyo jina langu liko ubaoni, na shule nzima inasoma kupitia mimi. Sijui mwalimu gani mwingine wilaya ya Nsimbo amefika hapo.

Leo nimefanya jaribio la kwanza. Nimepata kumi na moja kati ya hamsini. Emelyne arobaini na sita. Lakini somo la wastani nimelisikiliza vizuri: unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya watu. Jumla yetu ni hamsini na saba, gawanya kwa wawili, ni ishirini na nane na nusu. Kufaulu ni ishirini na tano. Dawati letu limefaulu! Nikampelekea Mwalimu hesabu hiyo, nikauliza kama naweza kumwambia Shangazi avae kitenge. Akaikagua. Akasema hesabu ni sahihi kabisa na jibu ni hapana, alama hazinywewi pamoja kama pombe. Lakini alifunika mdomo. Alikuwa anacheka, nina uhakika.

Nilirudi nikiwa na moyo safi. Njiani nikakutana na Mama Annonciata. Akanipa habari kwamba Mzee anafungua chungu kingine Jumapili hii, kumkaribisha bwana shamba mpya. Anaitwa Richard. Ana pikipiki ya serikali. Ana diploma. Hajaoa, hilo safari hii nimeuliza kwanza. Mama akasema niliosha mirija vizuri sana mara ile, nije tena Ijumaa.

Nimekaa nimefikiri kwa utulivu, kisayansi, kama Donatille anavyotufundisha: angalia ulikosea wapi, kisha rekebisha. Nimeona makosa mawili. Tundu lilikuwa kubwa, ndiyo maana likapiga mluzi. Na ule uzi ndio ulionisaliti.

Nimeazima sindano ndogo ya kushonea vifungo. Na safari hii sifungi uzi wala alama yoyote. Mrija wenye tundu utafanana na mingine yote kabisa, na hakuna mtu yeyote atakayejua ni upi.